Mashine ya Tatu

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe pamoja na wifi yangu, na kwamba kichefuchefu chake cha asubuhi kimeanza kumwachia nafasi ya kula. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu sana. Anasema anakudai ule mchezo wa bao mlioukatisha njiani, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa unapigwa. Mimi mwili ninao, utulivu ndio sina. Nimeanza kuandika nikiwa mezani, nikahamia kibarazani, nikarudi mezani, mpaka shemeji yako akaniuliza kama naandika barua au nafanya mazoezi. Ukiona mwandiko umebadilika njiani, ujue hapo nilisimama.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda na kompyuta. Simu nimeiogopa. Kwenye simu wewe una tabia ya kunikatisha, na mimi nikikatishwa huwa nasema jambo dogo na kumeza kubwa. Hapa unaweza kuikunja barua ukaitupa chini ya kitanda, lakini hutanikatisha. Basi naomba univumilie, maana mengine nitakayosimulia unayajua. Nataka uyaone kutoka pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Kazi yangu pale maabara unaijua, ingawa Mama mpaka leo huwaambia watu kwamba mwanawe ni daktari wa kompyuta. Majibu yote ya vipimo vya hospitali, damu, mkojo, makohozi, yanakaa kwenye mashine zangu tatu, ndani ya kile chumba chenye kiyoyozi kinachokohoa. Kila mashine tunaigawa ndani kwa ndani iwe seva kadhaa, kama kompyuta nyingi ndani ya moja: hii ya majibu, ile ya benki ya damu, nyingine ya wodi. Programu inayofanya huo ugawaji ndiyo tunayoiita jukwaa. Jukwaa letu la zamani wenyewe walitangaza kwamba hawatalihudumia tena, na sisi tukatakiwa kuchagua jingine. Kwa mtu wa nje hilo ni jambo la kupiga miayo. Kwangu mimi ilikuwa ni kuchagua nani atashika roho za watu mimi nikiwa nyumbani nimelala.

Sisemi hivyo kwa kujikweza. Mwaka jana mashine moja ilikufa ghafla, na jukwaa la zamani likashindwa kuhamisha kazi zake. Tukarudi kwenye vikaratasi. Vikaratasi vya wanawake wawili wa wodi ya wazazi vikabadilishana mikononi mwa watu wanaokimbia, na chupa ya damu ikafika kitandani kwa mtu asiye wake. Muuguzi aliyekuwa zamu alisita tu, basi, alisita, akarudi kuuliza. Yule mama alipona hata bila kujua alichoponea. Mimi nilijua. Tangu siku hiyo nikisikia kiyoyozi kimebadilisha sauti, nainuka.

Kwa hiyo kampuni yenu mlipoomba nafasi ya kuonyesha jukwaa mnalouza, nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Nilikwenda kwa Daktari, yule mama mkuu wetu wa maabara asiyependa maneno mengi, nikamwambia kwamba mmoja wa wanaokuja ni mdogo wangu wa damu. Alinishukuru kwa kusema mapema, akaniambia kwamba basi nitaandaa mashine tatu za majaribio, zenye nakala za majibu ya zamani, na kusaidia siku yenyewe, lakini katika kuchagua sitakuwemo. Watachagua yeye, mhasibu na mkuu wa benki ya damu. Nilikubali. Sikujua kwamba kunyimwa kusema kungeniwasha mwili mzima kama upupu. Hakuna aliyezijua zile mashine kama mimi, na mimi ndiye niliyetakiwa kunyamaza.

Mlipofika, wewe na yule fundi wenu mnayemwita Miwani, nilijivunia sana. Umevaa shati lako la bluu, umeshika begi kama mkurugenzi. Watu wa maabara walinong'ona kwamba tunafanana pua, nikawaambia ndiyo, lakini maneno yote alichukua yeye. Miwani naye sikumsikia sauti nusu siku nzima. Alikuwa amejikunja nyuma ya kabati la seva, anavuta waya, anaandika kwenye kiganja chake. Nilimpenda papo hapo. Fundi anayejiandikia mkononi ni fundi anayeogopa kusahau.

Alasiri ndipo alipotoka kule nyuma akasema lile jambo. Mashine ya tatu inawaka, alisema, lakini haijaungana na wenzake. Kadi yake ya mtandao ilikuwa imeharibika, na nyingine ilikuwa imeagizwa, haijafika. Alikuomba muahirishe onyesho mpaka wiki inayofuata. Nilikuwa nimeshika tochi, nilisikia kila neno. Wewe ukamwambia kwamba haiwezekani, kwamba mashine mbili zinatosha kwa onyesho, kwamba kwa mbele taa zote tatu ni za kijani na hakuna atakayeinama kuangalia nyuma. Miwani alisema kwamba mbili hazitoshi. Ukamwambia kazi yake ni waya, kuongea na wateja ni kazi yako.

Na mimi nilijua kwamba Miwani alikuwa sahihi, na wewe ulijua, maana hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa wote. Mashine zikiwa tatu, moja ikinyamaza ghafla, zile mbili zinaulizana, zinakubaliana kwamba mwenzao amekufa, zinagawana kazi yake. Zikiwa mbili, inayobaki haina wa kumuuliza. Haijui kama mwenzake kafa au ni njia tu kati yao iliyokatika. Ikijitwalia kazi kumbe mwenzake yu hai, zote mbili zitaandika kwenye mafaili ya wagonjwa, kila moja na lake. Kwa hiyo jukwaa lenye akili husimama tuli, likisubiri mtu. Lenu lina akili. Lingesimama tuli, na majibu yangesimama nalo.

Ulinisindikiza mpaka getini jioni ile. Unakumbuka ulivyokuwa ukipiga piga begi pajani. Uliniambia kwamba muda wako wa majaribio kazini unaisha mwezi huu, kwamba tangu uajiriwe hujawahi kuwaletea mteja hata mmoja, kwamba bosi wenu ameshaanza kukuita kwa jina la mtu aliyekutangulia, na huyo aliyekutangulia aliachishwa. Ukasema wifi ni mjamzito, hapo ndipo nilipojua, na nikataka kukukumbatia na kukuzaba kibao kwa kuniambia habari kama hiyo katikati ya mashine. Ulisema kesho utaizima mashine ya kwanza kutoka kwenye menyu, taratibu, kazi zake zitahamia kwa ya pili, watu watapiga makofi, na kadi ikifika mtamalizia kimyakimya. Uliniomba kitu kimoja tu: nisiguse waya.

Nilikwambia sawa. Liandike hilo kichwani, mdogo wangu, maana ndilo kosa langu halisi. Nilitakiwa nikuzuie pale pale getini. Lakini ulikuwa na ule uso wako wa kuomba, ule ule uliokuwa nao ukivunja vyombo vya Mama na kunitaka nisimwambie, nami nilikuwa nimechoka, na sikutaka ugomvi nawe siku niliyojua nitakuwa shangazi. Nikasema sawa, nikaingia ndani, nikakosa pa kukaa.

Siku ya pili ulizungumza vizuri mno. Nasema kweli, hata mhasibu aliweka simu chini. Uliizima mashine ya kwanza kwa menyu, ikaaga, ikakabidhi kazi zake, ikalala. Kwenye skrini ya ukutani majibu ya wagonjwa yaliendelea kupita bila hata kutikisika. Makofi yakapigwa. Ukaiwasha tena, kazi zikarudi kwake, makofi tena. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa kabati, mahali uliponipangia. 

Halafu Daktari akauliza swali lake. Aliuliza kama ni hivyo hivyo mashine ikifa yenyewe, bila kuaga, wakati kuna mtu kwenye meza ya upasuaji anasubiri damu. Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama zege la daraja limekauka. Na wewe hukusita. Ulisema ni hivyo hivyo kabisa, Daktari, hata hamtajua kama imekufa. Nilimwangalia Miwani. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kilichoonekana baada ya hapo ni mimi kuwa sakafuni, kwa magoti, na waya wa umeme wa mashine ya kwanza umechomoka. Kila mtu alisema nimejikwaa. Kule ukutani majibu yaliganda. Tulisubiri. Mkuu wa benki ya damu alisogea karibu na ukuta kama vile kusogea kungesaidia. Wewe ulitabasamu, ukasema ipe muda, ukatabasamu tena, na lile tabasamu lilivyokuwa likikuisha usoni bado ninaliona hata nikifumba macho. Daktari alishukuru wote kwa muda wao, akatoka. Hakukemea mtu. Ulinijia ukaniinua wewe mwenyewe, ukaniuliza kama nimeumia.

Washindani wenu, wale wa jukwaa la bure, walikuja wiki iliyofuata. Kadi ilikuwa imefika na nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu, kwa hiyo wao walikuta mashine tatu kamili. Safari hii Daktari mwenyewe ndiye aliyetaka waya uchomolewe. Majibu yaliganda, akauma kucha, mhasibu akakohoa, kisha yakarudi. Hakuna aliyepiga makofi, lakini walichagua hilo. Na nikwambie jambo ambalo halitakufurahisha: kama mngepata mashine tatu kama wao, lenu lingerudi upesi zaidi. Nimelijaribu baadaye peke yangu. Ni jukwaa zuri. Ningekuwa na kura ningelichagua lenu, tena bila kuona haya kwamba ni la mdogo wangu. Hukushindwa na wenzako. Ulishindwa na haraka yako, na kidogo na mimi.

Tangu siku hiyo umenitendea wema mpaka nimekosa pa kuuweka. Hukunilaumu hata kwa kuguna. Ulimwambia Mama kwamba dada aliteleza, kwamba asinikemee, ni bahati mbaya. Mama akanitumia dawa ya kuchua mguu, na mimi nikaipokea, nikachechemea siku mbili ofisini mpaka nikasahau ni mguu upi. Shemeji yako ndiye aliyenikumbusha, akacheka, kisha akaacha kucheka akaniangalia. Akaenda kuifungia ile dawa kabatini. Ndoa ina siku zake za namna hiyo.

Ningeweza kuendelea hivyo, naogopa kusema. Lakini juzi ulinipigia. Ulisema kwamba bosi wenu ameamua kosa ni la Miwani: yeye ndiye aliyetandaza waya sakafuni bila kuzifunga, mtu wa watu akajikwaa, mteja akapotea, yeye ndiye fundi, na mitambo haikuwa tayari. Ulisema ataitwa Jumatatu, na kwamba huenda wakamwondoa. Kisha ukasema kwamba wewe umeambiwa utaongezewa muda. Ulisema hivyo ukishusha pumzi. Nilikusikia ukishusha pumzi, mdogo wangu, na simu ikaniwia nzito mkononi.

Basi sikiliza. Sikujikwaa.

Waya zile zilikuwa zimefungwa vizuri, zimepita ukutani, hata kuku asingejikwaa. Daktari alipouliza na wewe ulipojibu, nilimwona yule mama wa wodi ya wazazi, nikamwona muuguzi akisita. Niliinama, nikaushika waya, nikauvuta. Niliuvuta kwa nguvu kwa sababu kile kishikizo chake huwa kigumu. Kisha niliona vichwa vinageuka, nikaona uso wako, nikajiachia nikaanguka. Kuvuta sijutii. Ningevuta tena kesho. Kuanguka ndiko kunakonitafuna, maana nilivuta kwa ajili ya wagonjwa, lakini nilianguka kwa ajili yangu, ili usijue ni mimi. Na niliyemwangukia kumbe ni Miwani.

Nimejiuliza kwa nini sikusema tu kwa mdomo kwamba mashine ya tatu haijaungwa. Nilikuwa nimekwambia sawa. Nilikuwa nimeambiwa sina sauti katika kuchagua. Ningekuwa nimemwita mdogo wangu mwongo mbele ya wakubwa wangu. Sababu zote hizo ni za kweli, na zote nikizipanga mstari hazifikii hata nusu ya sababu. Sikuwa na ujasiri wa mdomo, mdogo wangu. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa nao.

Sasa niseme nitakachofanya. Jumatatu asubuhi nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja ofisini kwenu, nitaomba kumwona bosi wako, nitamwambia kwamba waya niliuvuta mimi kwa makusudi, na kwamba Miwani aliufunga ipasavyo. Daktari nimeshamwambia jana. Aliniambia kwamba safari nyingine nitumie mdomo, akaniambia pia kwamba nirudi kazini. Sijui kama hiyo ni adhabu au ni msamaha, ila nimerudi.

Hiyo ni sehemu yangu, nitaisema yote. Kwamba Miwani aliomba muahirishe na wewe ukakataa, hiyo ni sehemu yako. Siji kukuanika. Sitaianzisha mimi. Lakini bosi wako akinigeukia akaniuliza kama fundi alisema mitambo haijawa tayari, nilikuwepo nimeshika tochi, na safari hii sitaanguka. Nakuandikia leo ili uwe na siku za kutosha kuingia kwake kabla yangu. Huenda wakakunyima huo muda wa nyongeza. Najua kuna wifi, najua kuna mtoto njiani, najua kodi haisubiri mtu aseme ukweli. Chumba cha nyuma hapa kwetu hakina mtu, shemeji yako ameshatoa makorokoro yake yote bila kuambiwa sababu. Mkija mtakula tunachokula. Lakini usile kazi ya Miwani, haitakushibisha.

Kama umenikasirikia, njoo na hasira yako, nitaipokea nimesimama. Nimekulea mgongoni, nazijua hasira zako zote na majina yake. Nitukane ukitaka, ukimaliza nitakuwa bado hapo. Naomba tu Jumatatu nikifungua ule mlango nikute umeshasema, hata kama umebaki na uso umekuvimba kwa kulia. Nisikute umekaa kimya.

Mpe wifi salamu zangu za dhati, mwambie asiinue ndoo. Miwani nisalimie pia, ukipata pa kuanzia. Mama usimwambie kitu, dawa yake nitamrudishia mwenyewe na maelezo yake. Shemeji yako anauliza tena kuhusu lile bao, nimemwambia asubiri. Nimekaa nikatulia sasa. Ni mara ya kwanza tangu nianze kuandika.

Ni mimi, niliyekutangulia kuzaliwa na bado sijajua kukutangulia katika mengine,

Dada yako